Maji Yasiyotuama

Mafuriko yalipoingia Kilelengwani, Mama Randu aliacha kitanda, akaacha magunia ya mpunga, akaiacha ukutani picha ya marehemu mumewe, lakini pipa lake la buluu alilitoa. Alilifunga kwa kamba kiunoni, likamfuata likielea mpaka kwenye boti ya waokoaji. Waokoaji walipomwambia boti ni ya watu, aliwajibu kwamba basi yeye atabaki hapo hapo na pipa lake, wazikwe pamoja. Wakalipakia. Sasa lilisimama mlangoni mwa turubai lake, juu ya tuta la barabara nje kidogo ya Garsen, ambako vijiji vizima vilikuwa vimejipanga msururu mmoja vikikimbia maji.

Pipa lile lilikuwa na sheria. Katika nyumba ya Mama Randu maji ya kunywa yalikuwa ya mama mwenye nyumba. Mkazamwana ndiye aliyeyateka mtoni, akayabeba kichwani, akayamimina; lakini yakishaingia pipani si yake tena, na kata haishiki. Anangoja apewe. Nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kuachana na mambo hayo. Mama Randu hakuwa ameacha kitu chochote maishani mwake ila kile kitanda na vilivyobaki nacho.

Mkazamwana mwenyewe alikuwa Lorna, mwalimu wa kemia katika sekondari ya kutwa, Mpokomo wa Golbanti, mtoto wa watu wa kanisa. Tuseme ukweli: angekuwa malaika, Mama Randu angemhesabia mabawa na kuona moja limepungua. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo lilimkaa rohoni kweli kweli. Lorna alipojifungua mtoto wa kike, mila ya wakwe zake Wagiriama ilitaka mtoto achukue jina la bibi yake mzaa baba, yaani Mbeyu. Lorna akamwandikisha Cynthia. Tangu siku hiyo mtoto alikuwa na majina mawili na wanawake wawili wa kumwita, naye, kwa kuwa alikuwa na miaka minne na moyo mwepesi, aliwakimbilia wote wawili.

Randu, mume wa Lorna na baba wa mtoto, alikuwa mwashi. Alikuwa Bangale huko juu akijenga, na barabara ilikuwa imekatika katikati. Alipiga simu mtandao ulipopatikana, akauliza habari za mama yake kwanza.

Basi tuje kwenye maji. Kila asubuhi Lorna aliteka mtoni maji mekundu kama matofali. Mama Randu aliyaacha kwenye beseni mpaka alasiri, mchanga na matope yakalala chini, kisha akayachota ya juu taratibu, akayatia pipani pamoja na kidonge cha klorini walichogawiwa na vijana wa misaada. Maji yale hayakuwa mekundu tena. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. "Yametulia," Mama Randu alisema kila siku, akafunika.

Lorna aliyatazama akijua kwamba hayakuwa yametulia hata kidogo, na angeyangoja mpaka mwakani yasingetulia. Angeyachemsha, lakini kuni zote za bonde zilikuwa zimelowa, na gunia la makaa lilikuwa halionekani Garsen nzima. Kwenye tuta watoto walikuwa wameanza kuhara. Mjukuu wa mzee Galgalo alipelekwa hema la wagonjwa asubuhi akazikwa jioni. Lorna alimtazama Cynthia akinywa kutoka pipani, akihesabu kila funda.

Siku moja jioni, kabla giza halijaingia sawasawa, aliomba ruhusa ya kuonyesha jambo. Aliomba kwa adabu, amepiga magoti. Alikuwapo Changawa, baba mdogo wa Randu, ambaye baada ya kifo cha kaka yake ndiye alikuwa mkubwa wa nyumba. Alikuwapo pia Metrine, mjane wa turubai la pili, ambaye mumewe George, mwendesha bodaboda, alichukuliwa na maji yeye na pikipiki yake siku ya kwanza ya mafuriko. George ndiye aliyekuwa akimbeba Lorna kwenda shule na kumrudisha.

Lorna alipanga glasi tatu juu ya kigoda, turubai likiwa limeshushwa, akawasha tochi ya simu akaipitisha ubavuni mwa ile ya kwanza. Mwanga ulitokea upande wa pili, lakini ndani ya maji haukuonekana.

"Hii nimetia chumvi kwa yale maji ya chupa tuliyogawiwa," alisema. "Chumvi imevunjika ikawa ndogo mno, hata mwanga hauigusi. Ukiichuja kwa kitambaa, inapita. Ukiingoja izame, haizami. Huu ni myeyusho." Akaichukua ya pili, yenye maji ya mto aliyotoka kuyateka, akaitikisa, akaiweka. Wote waliona mchanga ukishuka. "Hii ni kinyume chake. Chembe ni kubwa, zina uzito, ukiziacha zinalala zenyewe. Hizi ndizo mama anazoziondoa kwenye beseni, na anafanya vizuri."

Aliposogeza tochi kwenye glasi ya tatu, ya maji ya pipa, mwanga ulisimama ndani ya maji kama ufito mweupe, kutoka ukuta hadi ukuta.

Metrine alivuta pumzi.

"Huu mwanga unaonekana kwa sababu kuna vitu vinaugonga," Lorna alisema, na hapo sauti yake ikawa ya darasani, maskini, akasahau alipo. "Ni udongo uliosagwa na mto mpaka ukawa mdogo kuliko mchanga, lakini haukufika udogo wa chumvi. Uko katikati. Mchanganyiko wa namna hii tunauita koloidi. Maziwa ni koloidi, tui la nazi ni koloidi, hata moshi na ukungu. Ukiziacha chembe zake hazizami."

"Kwa nini zisizame na ni udongo?" Metrine aliuliza.

"Zote zina umeme wa aina moja. Zinafukuzana. Hakuna inayoshikana na mwenzake, kwa hivyo hakuna inayopata uzito wa kushuka. Sasa ukitia klorini, dawa inaliwa na huu udongo, inaisha, na vijidudu vimejificha humo humo vinatucheka. Tunahitaji kwanza kitu cha kuzishikanisha zizame. Halafu ndipo kidonge."

Changawa alikuna goti. Mama Randu aliitazama glasi ya tatu muda mrefu, na mtu asiyemjua angedhani anafikiri.

"Kwa hivyo mimi nawanywesha watu wangu vijidudu," alisema.

"Mama, sikusema hivyo."

"Hukusema kwa mdomo. Umesema kwa taa, mbele ya shemeji yangu na mbele ya jirani." Aliinua ile glasi ya tatu. "Mbeyu. Njoo, somo yangu. Njoo kwa hawe, kwa bibi yako."

Cynthia alikuja mbio. Mama Randu alimpakata, akamwekea glasi mdomoni, akainyanyua polepole mpaka tone la mwisho, huku macho yake hayatoki usoni mwa Lorna. Mtoto alimaliza akacheka, akafuta mdomo kwa mkono.

"Mtoto mzima," alisema Mama Randu. "Mwalimu, kunja duka lako."

Kesho yake Lorna alikwenda Garsen kwa miguu. Dukani kwa Ubeid alinunua kipande cha shabu kikubwa kama ngumi ya mtoto. Shabu kila mtu anaijua: lile jiwe jeupe linalong'aa kama barafu. Ukilizungusha katika maji machafu mara chache na kuyaacha, udongo unashikana mapande mapande, unashuka, na juu yanabaki maji unayoweza kusomea gazeti. Lorna alilijua jiwe hilo kwa jina lake la kemia, na umeme wake, na namna linavyozipatanisha zile chembe zinazofukuzana. Alikuwa ameyafikiria maji tu.

Lakini shabu ina kazi nyingine. Kinyozi huipaka kidevu kilichokatwa na wembe, hiyo haina aibu. Na wanawake wa pwani huinunua kwa kunong'ona, huifunga kwenye ncha ya leso, na matumizi yake hayasemwi mbele ya wanaume. Ni dawa ya chumbani, ya mwanamke anayetaka aonekane mpya kwa mwanamume anayemngojea. Hakuna mwanamke mzima kutoka Kipini mpaka Malindi asiyeijua habari hiyo. Lorna mwenyewe aliijua, alisikia tangu shuleni. Haikumpitia akilini hata mara moja, kwa kuwa alikuwa na mtoto anayekunywa maji ya pipa, na mtu mwenye hofu ya namna hiyo hana nafasi ya kuwaza watu watamwonaje.

Mama Randu aliipekua mikoba ya watu kama vile wengine wanavyopekua mchele kutafuta mawe. Shabu aliipata kabla Lorna hajamaliza kuvua viatu.

Alitoka nayo nje. Hakupiga kelele, kelele ni za watu wasiojiamini. Aliinua mkono tu, jiwe likaonekana, na wanawake waliokuwa wakipepeta mahindi ya msaada wakaacha kupepeta.

"Mwanangu yuko Bangale," alisema. "Amekatwa na maji, hawezi kuja. Sasa mke wake ananunua shabu. Naomba mnisaidie, mimi sikusoma. Shabu hii ni ya nani?"

"Ni ya maji, mama," Lorna alisema. "Ile niliyosema jana. Niipe nikuonyeshe sasa hivi."

"Shabu naijua kabla mama yako hajabalehe."

Wanawake walicheka. Si kwa ubaya mkubwa. Walikuwa wamekaa juu ya tuta muda mrefu bila kitu cha kuchekea. Lorna aliona ajikaze aendelee kueleza, na kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo, kwa sababu mwanamke aliyesingiziwa jambo hilo hatarajiwi kuzungumza habari za umeme. Jioni vitu vyake vilikuwa vimewekwa nje ya turubai. Mtoto alibaki ndani.

"Somo yangu halali na malaya," Mama Randu alisema, akalishusha turubai.

Lorna alikwenda kwa kijana mmoja wa misaada. Akaambiwa vidonge vimeshagawiwa na mambo ya nyumba yamalizwe nyumbani. Alikwenda kwa chifu, akaambiwa hivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi. Aliyempokea alikuwa Metrine.

Metrine alimtandikia mkeka, akampa nusu ya uji wake, na hakumwuliza lolote. Alikuwa amekwisha kulia machozi yake yote kwa ajili ya George, amebaki na macho makavu yenye wekundu na upole fulani wa mtu aliyechoka. "George alikuwa akisema wewe ndiye abiria pekee asiyemsukuma aende mbio," alimwambia Lorna usiku wa kwanza, na hiyo ndiyo faraja aliyokuwa nayo ya kumpa.

Asubuhi Metrine alikwenda kwa kinyozi wa kambini, akaomba kipande cha shabu, akapewa cha kutosha kwenye kiganja, kwa kuwa mjane hakuna anayemshuku. Lorna aliizungusha katika ndoo. Walikaa wakatazama. Maji yalichafuka kwanza, yakaota mawingu, mawingu yakawa mapande, mapande yakaanza kuteremka. Lorna alipopitisha tochi, ule ufito wa mwanga haukuonekana tena. Alitia kidonge, akangoja, akajaza chupa ndogo ya soda.

Hiyo ndiyo njia waliyoipata. Mama Randu hakumkataza Metrine kuingia, kwani kumfukuza mjane kungemletea aibu, na zaidi ya hapo Metrine alimsaidia kusuka ukili. Kila asubuhi Metrine aliificha chupa chini ya leso, akaketi na Cynthia nyuma ya turubai, akamnywesha yote. Alimwambia ni siri yao wawili. Mtoto akishashiba chupa ile alipata mchana mzima bila kulikaribia pipa sana. Alikuwa ameanza kuhara. Katika siku chache akapata nafuu. "Leo amecheza," Metrine alikuwa akirudi na habari. "Leo amekula." Lorna alizipokea habari hizo kama mtu anayepewa posho.

Lakini hakuridhika, na nani angeridhika? Chupa moja ni chupa moja. Alasiri joto likizidi Cynthia alirudi pipani kama watoto wengine wote. Turubai la nne mtoto wa Dukicha alikuwa amepelekwa hemani akitapika hata maji ya dawa. Lorna alikaa mbali akimwona mwanawe akipita na kikombe, asiweze hata kumwita, kwa sababu siku aliyomwita, Mama Randu alimchapa mtoto badala yake.

Alijaribu kwa Changawa. Alimpelekea chupa ile ya maji meupe, akamwonyesha yalivyokuwa na yalivyo. Changawa aliigeuza juani.

"Ni safi," alikubali. "Lakini mwanangu, panga linalima na panga linaua. Wewe unanionyesha kwamba linalima. Mimi sikubishii. Hunionyeshi wewe ulilinunua la nini."

Changawa hakuwa mtu mbaya, na nalisema hili waziwazi kwa sababu watu wa namna yake wamevunja nyumba nyingi kuliko wabaya. Alipenda amani kwa vile alipenda kulala. Siku mtoto wa Dukicha alipozikwa, alimfuata Lorna penye mkeka wa Metrine, ambaye alikuwa kwenye foleni ya chakula, akachuchumaa.

"Nikwambie kitu kama baba yako," alisema. "Mwanamke akikana, kesi haina mwisho. Akikubali, tunachinja mbuzi, anaoshwa, anarudi kwa mtoto wake siku ile ile. Ndivyo tulivyofanya siku zote. Mke wangu mwenyewe alikubali, akaoshwa, na yule pale anapepeta."

"Na nikikubali kitu ambacho sikukifanya?"

"Hiyo ni yako na Mungu wako. Mimi nataka neno moja tu tupumzike."

"Leo hii nitampata mtoto?"

"Leo hii."

Waliketi mbele ya turubai la Mama Randu. Simu ya Changawa iliwekwa juu ya kigoda, sauti juu, Randu akiwa upande wa pili huko Bangale, akipumua. Watu walijisogeza bila kujifanya wanajisogeza. Cynthia alikuwa ameshikwa mkono na bibi yake. Midomo yake ilikuwa imekauka, na alipomwona mama yake alitaka kuja, mkono ukamzuia.

Lorna alimtazama mtoto, hakumtazama mwingine. "Nimekubali," alisema. "Nilikosa. Naomba nioshwe, nipewe mtoto wangu."

Mnong'ono ulipita juu ya tuta. Changawa alitikisa kichwa, ameridhika, tayari anamwaza mbuzi.

"Kosa lina mtu," alisema Mama Randu. "Ni nani?"

Hili Changawa hakulitaja. Lorna alimgeukia, naye Changawa akatazama ardhi, kwa maana swali lilikuwa la haki na mila ililijua.

Lorna aliwapitia wanaume wote aliowahi kuzungumza nao. Mwalimu mwenzake wa hisabati, ana mke mwenye mimba. Ubeid wa duka, wangemchomea. Kila jina alilolishika lilikuwa na mwili wa kupigwa na nyumba ya kubomolewa, na jina ambalo halipo lingetafutwa likakosekana. Cynthia alikohoa. Ndipo Lorna akamwona George mbele yake, kofia yake ngumu, mgongo wake, vile alivyopunguza mwendo penye mashimo. Marehemu hapigwi. Marehemu hafukuzwi. Aliwaza kwamba atafika kwa Metrine kabla maneno hayajafika, atapiga magoti, atamweleza, na Metrine ni mtu wa kuelewa. Mtu aliye katika hali ile hufikiri kwa haraka na hufikiri vibaya.

"George," alisema. "Wa pikipiki."

Hakuna aliyeshangaa. Hilo ndilo lililotisha. Vichwa viliinamiana kana kwamba watu walikuwa wakilijua siku nyingi na walikuwa wanangoja tu lithibitishwe. Kila mtu alikumbuka alivyomwona amepanda nyuma ya George asubuhi, ameshika mkoba, na sasa walikumbuka pia vitu ambavyo havikuwapo.

"Mimi ndiye niliyempa kazi ya kukubeba," simu ilisema. Sauti ya Randu ilikuwa ya chini sana. "Mimi kwa mdomo wangu."

"Randu, nisikilize, mtoto ni mgonjwa, maji..."

"Mama," Randu alisema. "Usimpe mtoto." Simu ikakatika, na safari hii haikuwa mtandao.

Lorna alisimama. "Baba Changawa, ulisema leo."

"Tulikubaliana, shemeji," Changawa alisema, akikwepa macho. "Mwanamke akikubali..."

"Wewe ulikubaliana naye. Mimi nilifungua kinywa?" Mama Randu alimnyanyua Cynthia akamweka kiunoni. "Mpaka jana nilikuwa na wasiwasi tu. Mtu mwenye wasiwasi anaweza kukosea, na usiku nilikuwa najiuliza, nasema labda nimemwonea. Leo sina wasiwasi. Mmemsikia wenyewe. Mwanamke anayekiri uzinzi mchana kweupe, na marehemu ambaye matanga yake hayajapoa, huyo anapewa mtoto wa watu?"

Mtoto alianza kulia akinyoosha mikono, na Mama Randu akaingia naye ndani. Changawa alibaki akifuta kioo cha simu kwa shati.

Kuta za plastiki hazizuii neno. Lorna alikimbia, lakini Metrine alikuwa ameshasikia akiwa bado kwenye foleni. Mtu alimwambia huku akimshika bega, kwa huruma, kama watu wanavyopenda kupeleka habari za namna hiyo. Lorna alimkuta ameketi juu ya mkeka, mfuko wa mahindi mapajani haujafunguliwa.

"Nilidanganya," Lorna alisema, akaanguka magotini. "Metrine, nisikilize. Walitaka jina. Nilimtaja kwa sababu hayupo, hawawezi kumfanya kitu. George hakunigusa hata kidole. Nilitaka mtoto wangu tu."

Metrine alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira usoni, na Lorna alianza kupata matumaini.

"Umewaambia wao ukweli ukanidanganya mimi," Metrine alisema, "au umewadanganya wao ukaniambia mimi ukweli? Nitajuaje?"

"Unanijua."

"Nilikuwa namjua yeye pia. Mmoja tu ndiye wa kunijibu, Lorna, nami ningemwamini kwa neno moja, hata angenidanganya. Huyo hawezi kuja." Alifungua mfuko, akaanza kuchambua mahindi. "Ulimchagua vizuri. Hapigwi, hafukuzwi. Na hakani."

Hakumfukuza. Usiku ule Lorna alilala kwenye mkeka ule ule, na hilo lilimpa kujidanganya kwamba yataisha. Asubuhi aliamka mapema, akaizungusha shabu katika ndoo, akangoja udongo uzame, akatia kidonge, akajaza chupa. Maji yalikuwa safi kuliko siku zote. Alimpa Metrine kwa mikono miwili.

Metrine aliipokea. Alifungua kizibo, akasimama pale pale, akaanza kunywa. Alikunywa taratibu, bila kupumzika, macho yake yametulia usoni mwa Lorna, mpaka chupa ikawa tupu. Kisha akaifunga kizibo vizuri na kuirudisha mkononi mwake.

"Maji yako matamu," alisema. "George naye aliyasifu?"

Alichukua ukili wake, akatoka, akapita turubai la Mama Randu bila kugeuza shingo. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Kutoka pale alipokuwa, Lorna alimwona Cynthia ametoka nje peke yake, amekaa nyuma ya turubai mahali pake pa siku zote, akingoja. Alikaa muda mrefu, akichora mchangani kwa kidole. Baadaye alisimama, akaenda kwa bibi yake, akaomba kikombe. Alipomaliza aliomba kingine, maana alikuwa na kiu, na chupa yake ya asubuhi haikuwa imefika.